Himofilia: Dawa Imekaribia Kijiji, Kipimo Bado

Mvulana akijikwaa migombani huko Kanoni, wilayani Karagwe, goti likavimba kwa majuma, wazazi husema ni baridi yabisi. Ni nadra mtu kufikiri himofilia, ingawa takriban mvulana mmoja kati ya 5,000 huzaliwa na himofilia A, yaani upungufu wa protini ya kugandisha damu iitwayo faktori VIII.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kumrudishia mgonjwa protini hiyo hiyo kwa sindano ya mshipa. Nayo haikai mwilini: nusu yake hutoweka katika muda wa saa 12 hivi, hata mgonjwa achomwe mara mbili au tatu kwa juma. Hiyo ni tiba ya mtu akaaye jirani na Muhimbili au Bugando, si ya mwana wa mkulima wa kahawa. Emisizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ni protini ya namna nyingine. Ni kingamwili iliyobuniwa Japani, yenye mikono miwili: mmoja hushika faktori IX iliyoamshwa, wa pili hushika faktori X, zikakutana kama ambavyo faktori VIII ingalizikutanisha. Nusu yake hudumu mwilini takriban majuma manne. Huchomwa chini ya ngozi, pengine mara moja tu kwa majuma manne, na huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8, baridi ile ile ya chanjo. Jokofu la namna hiyo si kitu kigeni katika zahanati.

Husemwa kuwa bei yake ni kubwa mno, na ni kweli. Katika nchi maskini imefika zaidi kwa misaada ya Shirikisho la Himofilia Duniani. Lakini hata ikitolewa bure, atapewa nani? Haimfai mwenye himofilia B, akosaye faktori IX. Tena ikishaingia mwilini huvuruga kipimo cha muda wa kuganda damu, kikaonyesha uzima usiokuwapo. Hapana budi kupima kwanza, na kupima huko ndiko kunakokosekana vijijini.

Kagera ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa tohara ya hiari wa kupunguza maambukizi ya UKIMWI. Kijana aliyevuja damu kupita kiasi baada ya tohara, au baada ya kung'olewa jino, angestahili damu yake ipelekwe maabara, na ndugu zake wa kiume upande wa mama waulizwe. Fedha za kwanza ziende huko, na kwa akiba ya faktori VIII katika hospitali ya wilaya. Maana emisizumabu hukinga, haikomeshi damu iliyokwisha kuanza kutoka.