Kupiga Sawa na Santuri Si Sifa

Mashabiki wa roki ya progresivu wana sifa moja wanayoitoa kwa moyo wote wakitoka ukumbini: "Wamepiga sawasawa na santuri." Huitamka kwa heshima, kana kwamba wanamuziki wamefaulu mtihani mgumu. Mimi naipinga. Imewazoesha watu kusikiliza kama wakaguzi, wakihesabu kilichokosekana na kukosa kusikia kilichopo. Na kwa King Crimson ya 1973 na 1974, ambayo kwangu ndiyo bendi kubwa kuliko zote za fani hii jukwaani, sifa hiyo haina hata pa kusimama.

Najua ilikotoka. Muziki huu ni mgumu, na studio za mwanzoni mwa miaka ya 1970 ziliwaruhusu wanamuziki kupanga sauti juu ya sauti hadi wimbo ukawa jengo zima. Mtu aliyenunua Close to the Edge ya Yes mwaka 1972, yenye wimbo mmoja unaojaza upande mzima wa santuri kwa karibu dakika 19, alikuwa na haki ya kujiuliza kama watu watano wataweza kuupiga mbele ya macho yake. Walipoweza, akastaajabu. Ubaya ulianza pale mshangao huo ulipogeuzwa kuwa kipimo cha kila bendi na kila usiku.

Mpiga dramu wa santuri hiyohiyo, Bill Bruford, aliiacha Yes mara tu ilipokamilika kurekodiwa, bendi ikiwa inazidi kupanda, akajiunga na King Crimson ya Robert Fripp. Alikwenda mahali ambapo sehemu kubwa ya onyesho haikuwa imetungwa. Mapema 1973 Jamie Muir alipoondoka, walibaki wanne: Fripp kwenye gitaa, John Wetton kwenye besi na kuimba, David Cross kwenye fidla, na Bruford. Kati ya wimbo mmoja uliopangwa na mwingine waliachia nafasi, wakaingia humo bila noti wala makubaliano, na kutunga palepale mbele ya watu waliolipa.

Tarehe 23 Novemba 1973 walikuwa katika ukumbi wa Concertgebouw, Amsterdam. Katika moja ya nafasi hizo Cross alianza taratibu na fidla, besi ikamfuata, kisha Fripp akaingia kwa sauti laini ya Mellotron, kile kinanda ambacho kila kibonye chake huchezesha kipande cha mkanda kwa sekunde nane hivi. Bruford alisubiri zamu yake. Aliposikia kwamba wenzake hawahitaji pigo hata moja, alivipishanisha vijiti vyake kifuani na kunyamaza mpaka mwisho. Kipande hicho kikaitwa "Trio", na wenzake wakamwandika kuwa mtunzi mwenzao kwa sababu ya kule kujizuia. Hebu lipime tukio hilo kwa kipimo cha santuri. Usiku ule hapakuwa na santuri ya kulinganisha nayo. Bruford alikuwa na masikio yake tu na sekunde chache za kuamua, akaamua vizuri kuliko prodyuza yeyote ambaye angekaa wiki nzima na mkanda huo.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wapenzi wa kipimo hicho wanapaswa kulikabili. "Trio" imo katika Starless and Bible Black, santuri iliyotoka Machi 1974 na ambayo wengi waliipokea kama kazi ya studio. Kati ya vipande vyake vinane, ni viwili tu vilivyorekodiwa studioni toka mwanzo hadi mwisho. Vilivyobaki, vizima au kwa sehemu, vilitoka majukwaani, kisha makofi ya watazamaji yakaondolewa. Humo ndimo ilimo pia "Fracture", kipande chenye mbio za gitaa zinazowatoa jasho wapigaji hadi leo. Fripp aliipiga vile mbele ya ukumbi uliojaa, usiku uleule wa Amsterdam. Basi shabiki anayesema onyesho halikufikia ubora wa santuri hiyo analilaumu onyesho kwa kutofanana na onyesho lenzake.

Wala si santuri hiyo peke yake. "Providence", iliyomo katika Red ya mwaka 1974, ilizaliwa jukwaani katika mji wa Marekani wenye jina hilo, tarehe 30 Juni, siku moja kabla ya onyesho la mwisho la kundi lile katika bustani ya Central Park, New York. Pink Floyd nao, ambao maonyesho yao yalipangwa kwa makini zaidi, waliizungusha The Dark Side of the Moon majukwaani kwa mwaka mzima na zaidi kabla haijatoka Machi 1973. Waliibadilisha wakiwa njiani. Jukwaa lilitangulia, studio ikafuata.

Wapo watakaojibu kwamba aliyekata tiketi ana haki ya kusikia nyimbo anazozijua. Ana haki hiyo, na King Crimson walizipiga. Watasema pia kwamba ubunifu wa papo hapo huweza kushindwa. Ni kweli. Sikiliza The Great Deceiver, mkusanyiko wa maonyesho ya 1973 na 1974 uliotolewa 1992, utakutana na dakika ambazo wanne hawa wanatafutana bila kupatana. Mimi sizirushi dakika hizo. Bila hatari ile "Trio" isingepatikana, na bendi isiyokubali kupotea mbele ya watu haiwezi kugundua kitu mbele yao.

Hapa pwani yetu jambo hili halihitaji mtetezi. Kwenye taarabu, watu wakiinuka kwenda kutuza, mwimbaji huurudia ubeti uliowagusa, mara mbili, mara tano, na hakuna anayelalamika kwamba kwenye kaseti ulikuja mara moja. Tunajua kuwa hadhira imo ndani ya wimbo. Sioni kwa nini mtu huyohuyo anayeujua ukweli huu kwenye taarabu ausahau akifika kwenye roki ya Waingereza.

Fripp alilitetea hilo hadi uzeeni. Katika ziara za kundi lililoanza 2014, wapiga dramu watatu wakiwa wamepangwa mbele ya jukwaa, watazamaji waliombwa wasipige picha mpaka mpiga besi Tony Levin atakapoinua kamera yake mwishoni. Wengine waliuita ukali. Kwangu ulikuwa ni kuwaheshimu watazamaji, kwa maana aliwahesabu kuwa washiriki wa kile kinachotokea, akawataka wawepo kwa masikio na macho yao.

Onyesho zima la Amsterdam lilitolewa mwaka 1997 kwa jina la The Night Watch. Mwenye kushikilia kipimo cha santuri alitafute, alisikilize lote kwa mkupuo mmoja, makofi yakiwa yamerudi mahali pake, ndipo aje tubishane.