Kwanza Tajeni Jina

Na Makena Kirimi

Msimu huu wa kuvuna viazi Kibirichia, mpwa wangu amekuwa akitoka shambani kabla jua halijazama ili awahi masomo ya Biblia kwenye simu. Ni ya bure, na wanaofundisha ni wapole, wanamwita dada. Nikamuuliza ni kanisa gani. Akasema hajaambiwa, dhehebu si muhimu, la muhimu ni Neno. Tena ameombwa asimwambie mtu kwanza.

Kwa kuwa hawajajitambulisha, mimi sitawabandika jina. Lakini mtindo huo una historia. Shincheonji, kanisa lililoanzishwa Korea Kusini na Lee Man-hee mwaka 1984, limelalamikiwa miaka mingi na waliolihama. Wanaeleza kwamba anayewindwa huitwa tunda. Darasani huketishwa kando yake "jani", mtu aliye muumini tayari lakini anajifanya mgeni. Jani hushangaa pamoja naye, humpigia simu akikosa kipindi, kisha hupeleka siri zake zote kwa mwalimu. Miezi hupita kabla jina la kanisa halijatajwa, na wakati huo marafiki wote alio nao ni wa humo.

Hilo jani ndilo linaloniuma. Anayeamini mafundisho yao kuhusu watu 144,000 wa kitabu cha Ufunuo ana haki yake, na Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inamlinda. Lakini nitachaguaje imani iliyofichwa nisiione? Wamethodisti waliopiga kambi Kaaga, hapa Meru, mwaka 1912 walikuja na jina lao. Babu zetu waliowakataa walijua wanamkataa nani.

Mahakama nazo si kimbilio la hakika. Mwaka 2020 mahakama ya Seosan, huko huko Korea, iliamuru Shincheonji limlipe fidia mmoja wa waliolihama. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikabatilisha. Nasi tangu Shakahola, ilikofukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, tumekazia macho mhubiri mwenye kipaza sauti. Anayeingia kwa simu ya binti jioni hana jukwaa wala bango, na mzee wa mtaa hamjui.

Juzi mpwa wangu alimwandikia mwalimu peke yake: nyinyi ni kanisa gani? Akajibiwa kwa upole kwamba atalijua somo likikomaa. Hazikupita dakika kumi, mwanafunzi mwenzake, yule aliyekuwa rafiki yake wa karibu darasani, akampigia simu kuuliza ni nani hapo nyumbani anayemtia maswali kichwani.