Haki ya Maiti Haiishii Kaburini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na masahaba wake.

Katika kisiwa chetu cha Unguja maiti hacheleweshwi. Aliyefariki Alfajiri mara nyingi huzikwa siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Adhuhuri au Alasiri. Tangazo hutolewa msikitini na redioni, jeneza hubebwa mabegani katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kisha safari huelekea Mwanakwerekwe au shamba kwa wazee wake. Hii ni sunna njema, nasi tunaihimiza. Tunalotaka kulikumbusha leo ni jambo ambalo haraka hiyo huliacha nyuma, nalo ni kukiandikisha kifo.

Wanazuoni wanatufundisha kwamba kumuosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya. Baada ya hapo mali yake ina mpangilio: gharama za maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi kwa asiye mrithi, na mwisho mirathi. Hakuna hata moja kati ya hizo haki tatu za mwisho inayoweza kutekelezwa kwa utulivu ikiwa haijulikani kwa uthibitisho nani amekufa, lini, na ameacha nani.

Kwa upande wa dola, kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Nambari 3 ya mwaka 2018. Aliyefia hospitali, jamaa zake wasiondoke na maiti bila ya karatasi ya daktari. Aliyefia nyumbani, sheha wa shehia apewe taarifa mapema. Jina liandikwe kama lilivyo katika Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, si lile la utani wala la barazani. Wengi wetu tunajulikana mtaani kwa majina ambayo hayamo katika hati yoyote, na warithi huja kutakiwa wathibitishe kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja.

Kifo cha ajali, cha kuzama, cha kuanguka mnazini au chenye shaka yoyote, Polisi lazima wajulishwe kabla ya kuzika. Tunafahamu uchungu wa kusubiri uchunguzi. Lakini kaburi likishafukiwa, kulifukua ni jambo zito kisheria na kidini, na huwaumiza wafiwa mara ya pili.

Thamani ya kumbukumbu tuliiona wazi tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba. Maiti walipelekwa viwanja vya Maisara ili jamaa wawatambue, na wasiotambuliwa wakazikwa Kama. Wengi hawakupatikana kabisa. Aliyepotea hivyo fiqhi humwita mafqud, na hukumu ya kifo chake huwa mikononi mwa kadhi baada ya kupima ushahidi. Mke wa mtu huyo hawezi kujiamulia mwenyewe kwamba ni mjane, wala ndugu hawawezi kugawana mali kwa dhana. Ikiwa wale waliopoteza watu wao baharini walibeba mzigo huo bila ya hiari, kwa nini sisi tuliomzika mtu wetu kwa mikono yetu tuwaachie warithi mashaka ya namna hiyo?

Anayeumia mwanzo huwa ni kizuka. Yumo ndani akitimiza eda yake ya miezi minne na siku kumi, huku funguo za duka na hati za nyumba zikipita katika mikono ya wengine. Akitoka, anatakiwa cheti cha kifo kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, benki na Mahkama ya Kadhi. Mayatima husubiri pamoja naye. Na mwenye kudai naye ana haki: Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni asiloacha cha kulilipia, hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, kila msikiti uwe na daftari la maziko: jina kamili la marehemu, siku na pahala alipofia, kaburi lilipo, aliyemuosha, aliyemsalisha, na kama sheha amearifiwa. Kitabu chetu kitukufu kimetuamrisha kuandika madeni katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara. Vipi kifo, ambacho ndicho kinachoyafanya madeni yadaiwe, kiachwe kwenye kumbukumbu za vichwa? La pili, kabla watu hawajatawanyika baada ya khitma, familia imtaje mtu mmoja muaminifu atakayefuatilia cheti, na jina lake lijulikane kwa kizuka.

Ndugu Waislamu, sanda hushonwa kwa saa moja, na karatasi nayo haihitaji zaidi ya mtu mmoja mwenye subira. Tusiwe wepesi wa kubeba jeneza kisha tukawa wazito wa kubeba amana.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na awahifadhi wajane na mayatima wetu. Amin.