Mgeni Njoo, Lakini Ulipe Kwanza

Vikundi vya kujitolea katika kaunti za Migori na Homa Bay hulalamika kwamba vijana hawajiungi navyo. Malalamiko hayo yana ukweli, ila aghalabu kosa hutafutwa kwa asiyekuja badala ya kutafutwa mlangoni. Msichana aliyemaliza kidato cha nne anapohudhuria mkutano wa kwanza, hulakiwa kwa katiba, ada ya kiingilio na orodha ya faini za kuchelewa. Kazi iliyomvuta, iwe kupanda miti au kuwatembelea wagonjwa, haioni hadi mwezi wa tatu. Wengi hawafiki mwezi huo.

Waluo walikuwa na saga kabla ya katiba zilizopigwa chapa. Mwenye shamba aliandaa chakula na pombe, akaalika majirani, na aliyefika alishika jembe siku iyo hiyo. Hapana aliyedaiwa stakabadhi.

Mfano wa karibu zaidi ni Lwala, kijiji kilichoko Rongo, Migori, ambako ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', waliofiwa na wazazi wao kwa UKIMWI, walifungua zahanati mwaka 2007. Shirika lililokua kutokana na zahanati hiyo lilipohitaji wahudumu wa afya vijijini, lingaliweza kuwachukua wenye vyeti pekee na kuwakemea wakunga wa jadi. Halikufanya hivyo. Liliwaingiza wakunga hao, likawafunza na kuwalipa, nao wakawa ndio wanaowahimiza wajawazito wakajifungulie hospitalini. Aliyedhaniwa mpinzani alipewa kazi iliyokaribiana na ile aliyoijua, tena miongoni mwa wanawake waliokwisha kumwamini.

Kuna pia suala la lugha, ambalo viongozi wa vikundi hulipuuza. Mjini Migori huishi Waluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya na Wasomali. Mkutano ukianza kwa Kiswahili ukaishia kwa Kiluo, Mkuria aliyeolewa hapo hunyamaza, kisha husemwa kuwa hana ari. Kisiwani Mfangano, Homa Bay, ambako Kisuba kimemezwa kwa kiasi kikubwa na Kiluo, hali ni kinyume: kuwashurutisha wazee watumie Kiswahili kungekuwa kuwafungia nje. Wala wanafunzi wa Kiswahili wasijisifu mapema. Warudipo nyumbani likizoni wakahutubia kikundi kwa istilahi za darasani, nao hufunga mlango, ijapokuwa kwa komeo la dhahabu.

Ada ina kazi yake. Hata nyoluoro ya akina mama haiendeshwi bila fedha. Hata hivyo, yaweza kungoja. Mgeni na apangiwe mwenzi wa kwenda naye kazini juma lilo hilo, aulizwe lugha anayoimudu, na katiba asomewe baada ya kuchafua mikono yake. Mweka hazina atakuwa na subira ya miezi miwili. Daftari lake, kwa sasa, limejaa majina ya watu waliolipa kiingilio mara moja wasionekane tena.