Maneno Hayakai Kichwani kwa Wingi Wake

Wapo wenzangu wanaoniuliza, "Kijapani cha nini hapa Nyakato?" Naomba nafasi katika gazeti letu niwajibu, kwani jibu langu lawahusu hata wasiotaka kukijua Kijapani.

Nilianza kukisoma likizoni, kwa masomo ambayo NHK ya Japani iliyatoa kwa Kiswahili. Kwa pupa yangu nilinakili maneno mia tatu katika daftari, nikayakariri kama kasuku. Shule ilipofunguliwa, yalibaki kama ishirini. Niliona haya.

Lakini hayo yaliyobaki ndiyo yaliyonifundisha. Kwa Kijapani, mimi ni sikio, saba ni aina ya samaki, na hana ni ua. Hayo yalinichekesha, nami sikuyasahau. Mengine yalikuja na jamaa zake: gakusei ni mwanafunzi, daigaku ni chuo kikuu, kagaku ni sayansi. Yote yana gaku, yaani kujifunza. Ukimshika mmoja umewapata ndugu zake, kama kwetu soma, somo na msomi.

Jingine nililipata garini. Mjomba wangu alinunua gari lililotumika Japani. Kila alipoliwasha lilisema maneno kwa sauti ya kike. Fundi mmoja akamwambia kwamba linalalamikia injini, atoe fedha ifunguliwe. Fedha alizokuwa nazo ni za nauli yangu na mahitaji yangu ya bweni. Mimi nilisikia neno moja tu, kaado, yaani kadi. Tukatafuta maana ya yale mengine. Kumbe gari lilisema kuwa kadi ya kulipia barabara za kwao haijatiwa! Injini ilikuwa nzima. Tangu siku ile neno sounyuu, kutia ndani, halijanitoka.

Basi, rai yangu ni hii. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hunakili orodha ndefu za maneno ya Kiingereza, wakayasahau kabla ya jaribio. Afadhali maneno matano kwa siku, kila moja ndani ya sentensi, yarudiwe kesho na tena juma lijalo. Walimu wetu waturuhusu kuyaandika ubaoni katika kila bweni, nasi wa Kidato cha Nne tuyasimamie mpaka mtihani wetu wa Novemba. Wazazi nao wakisikia mtoto anakosea, wasimcheke. Neno lililosemwa vibaya leo husemwa vizuri kesho, bali lililofichwa daftarini hufia humo.

Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne