Saa za Kazi Ziwe Pia Saa za Kujifunza

Kijana anayeishi Murera, katika eneo bunge la Juja, na ambaye ameajiriwa Nairobi kuunda programu za kompyuta, hudamka kabla ya mapambazuko ili aiwahi matatu. Jioni msongamano wa magari katika Barabara Kuu ya Thika humfikisha nyumbani giza likiwa limetanda. Kisha mwajiri wake humwambia kwamba ujuzi mpya autafute kwa wakati wake mwenyewe. Wakati upi huo? Na akiwa ni mama wa mtoto mchanga je?

Kazi hii haina siku ya kuhitimu. Mnamo 2019 kampuni ya Google ilitangaza kwamba Kotlin ndiyo lugha itakayotangulizwa katika uundaji wa programu za simu za Android. Aliyebobea katika Java hakugeuka mjinga siku hiyo, ila aliamka akiwa na deni la masomo. Anayefaidika deni hilo likilipwa ni mwajiri. Mbona basi alilipe mfanyakazi peke yake, tena usiku?

Walimu hawahitaji kuelezwa uchungu huu. Mwaka 2021, TSC ilipoanzisha mafunzo ya kuwaendeleza walimu kitaaluma, mwalimu alitakiwa atoe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake na kusoma wakati wa likizo. Wengi walilalamika, wala sidhani walikosea.

Sheria yetu ya Mafunzo ya Viwandani yenyewe inakiri kwamba mafunzo ni mzigo wa mwajiri, kwani humtoza shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Lakini shilingi hamsini hazinunui saa. Hapo Ruiru, jirani na Murera, watafiti walitumia miaka mingi hadi wakatoa, mnamo 1985, kahawa ya Ruiru 11 inayostahimili ugonjwa unaoozesha matunda ya mbuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya mchana. Hawakuifanya kwa kuiba usingizi.

Yupo mwajiri atakayesema kwamba kijana akishafunzwa atahama. Naam, wapo watakaohama. Hata hivyo, asiyefunzwa naye huhama, na aendapo huacha programu ambayo hakuna mwenzake aliyepata nafasi ya kujifunza kuirekebisha. Hasara hiyo aghalabu huonekana siku mitambo inapokwama na wateja wamejaa mlangoni.

Napendekeza nusu siku kila juma, tuseme Ijumaa alasiri, ihesabiwe miongoni mwa saa za kazi na iandikwe katika mkataba. Isiwe hisani ya meneja mwenye huruma, maana hisani hiyo hufutwa pindi mteja anapopiga simu.

Nanyi wanafunzi mnaosomea kompyuta Juja na Thika, mtakapoitwa kwenye mahojiano ya kazi, msiulize mshahara pekee. Ulizeni pia saa hizo zimetengwa siku gani.