Hiyo "Grafiksi 2GB" Uliyouziwa Haipo

Kila wiki lazima mtu anitumie DM ya aina hii: "Walaal, laptopu yangu ni Core i5, RAM 8, grafiksi 2GB. Mbona FC inakataa kufunguka?" Na kila wiki najibu vile vile. Hauna grafiksi ya 2GB. Hujawahi kuwa nayo. Uliuziwa maneno.

Wacha nieleze pole pole, juu hii kitu inakula pesa za vijana wengi huku kwetu na hakuna mtu anaisema wazi.

Laptopu karibu zote tunazotumia Rhamu ni ex-UK. Ziliishi maisha yao ya kwanza kwa ofisi za watu huko ng'ambo, zikachoka, zikaletwa Nairobi, zikapanguswa na kuwekewa Windows upya. HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Sina vita na hizo mashine. Ni ngumu, fundi anazijua, spea zinapatikana. Lakini zilitengenezwa za kuandika barua na kufungua Excel. Nyingi hazina kadi ya grafiksi kabisa. Kazi ya picha inafanywa na kipande kidogo ndani ya prosesa, Intel HD Graphics, na hicho kipande hakina memori yake, kinakopa kwa RAM. Sasa muuzaji anaona Windows inasema kinaweza kukopa mpaka 2GB, anakimbia kuandika kwa tangazo "2GB graphics". Ni kama mtu akuambie ana ngamia hamsini, kumbe ni wa jirani na yeye huwakamua tu siku akiruhusiwa.

Na hata hizo GB zingekuwa za kweli, GB sio zinazofungua gemu. Kabla gemu iulize una nguvu kiasi gani, inauliza kwanza kama unaongea lugha yake. Gemu nyingi za sasa hiyo lugha ni DirectX 12. Kama kipande chako hakiijui, weka RAM 32 ukitaka, utapewa ujumbe wa makosa tu.

Chukua EliteBook 840 G1, ile imejaa kila mahali. Ndani kuna prosesa kama i5-4300U. Hiyo 4 ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Grafiksi yake ni HD 4400. Hiyo HD 4400 iliwahi kupewa DirectX 12 kwa draiva. Halafu Intel wakapata mwanya wa kiusalama, na kuanzia draiva namba 15.40.44.5107 wakaiondoa DirectX 12 kwa kizazi chote cha 4. Umeelewa? Ile ushauri kila mtu anakupa, "sasisha draiva bro", kwa hii mashine ndiyo inayokuondolea kitu unachotafuta. Mtu anamaliza bando kupakua draiva mpya na anarudi nyuma.

Kuna mtego mwingine hapo. Ukiandika dxdiag kwa Windows 10, ukurasa wa kwanza unakuambia "DirectX 12" kwa herufi safi kabisa. Wauzaji wanapenda kutuma picha ya huo ukurasa. Hiyo ni DirectX ya Windows, si ya grafiksi yako! Enda ukurasa wa pili, Display, tafuta mstari umeandikwa "Feature Levels". Kama 12_0 haipo kwa hiyo orodha, gemu nyingi za DirectX 12 zitakugomea. Hapo hapo utaona pia memori ya grafiksi yenyewe na ile ya kukopa, kila moja na mstari wake. Dakika moja tu. Intel kizazi cha 6 kwenda juu, yaani kama EliteBook 840 G3, inapita huo mlango. Kukimbia ni maneno mengine, usitarajie miujiza.

Kwa nini nakasirika hivi? Mtu wa Nairobi akiuziwa vibaya anarudi dukani kesho na kelele. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni karibu kilomita 1,000, kupitia El Wak, Wajir na Garissa. Mtoto wa abti wangu alinunuliwa laptopu mwaka jana kwa simu, Sh23,000, pesa iliyochangwa na watu watatu wa familia. Waranti siku 7, zikihesabiwa tangu siku muuzaji alipopokea pesa. Mzigo ukakaa kwa basi na kwa watu wa mizigo siku 4. Akaifungua siku ya 5, akagundua siku ya 6. Kuirudisha angelipa nauli ya mzigo, asubiri, na bado aombewe dua. Akanyamaza akabaki nayo. Muuzaji anayetuma vitu huku juu anajua hiyo hesabu vizuri kuliko sisi.

Lakini sitawaachia wauzaji peke yao hii lawama, juu kuna wakubwa zaidi.

FIFA 22 kwa kompyuta ilitaka angalau GTX 660, kadi ya 2012. Mwaka mmoja baadaye FIFA 23 ikataka GTX 1050 Ti na DirectX 12. Ni kwa sababu kompyuta ilihamishwa kutoka toleo la PS4 hadi toleo la PS5. Sawa, teknolojia inasonga, sikatai. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haifunguki bila kadi inayoweza kupiga hesabu za miale ya mwanga yenyewe, na mimi sina shida na hiyo, juu gemu yote imejengwa juu ya huo mwanga. Lakini mpira? EA hao hao wameendelea kutoa FC kwa PS4, mashine ya 2013, na kwa Nintendo Switch ya kwanza, ya 2017, ambayo ni kama simu yenye vifungo. Kwa hivyo toleo jepesi wanalo. Wa kompyuta ndio hatupewi.

Halafu mkataba wao na FIFA ukaisha, na 2023 wakaondoa FIFA 14 mpaka 23 kwa maduka ya mtandaoni. Yaani kijana wa Rhamu mwenye laptopu ya kizazi cha 4, mwenye pesa kwa M-Pesa, anayetaka kulipia halali gemu ya mpira inayotoshea mashine yake, EA hawana ya kumuuzia. Anabaki kupata kwa flashi ya rafiki. Na kesho huyo huyo anaitwa mwizi.

Inawezekana kufanya vizuri. GTA V ilipotolewa upya kwa kompyuta Machi 2025 ilitaka angalau GTX 1630. Ile ya zamani Rockstar hawakuiua, waliiita Legacy, na ukinunua unapata zote mbili. Unachagua inayokutoshea. Si ngumu hivyo.

Na msifikiri ni shida ya maskini pekee. Kadi za RTX 50 zilipotoka 2025, gemu za zamani zinazotumia PhysX ya biti 32, kama Borderlands 2, zilianza kuchechemea kwa kadi ya bei ya pikipiki. NVIDIA wakarudisha kwa gemu kadhaa baada ya watu kupiga kelele. Wa kupiga kelele wapo Marekani, ndiyo maana walisikika.

Wenye desktopu za ofisi, zile ndogo kama OptiPlex, nawaambia haraka: tundu la kadi linatoa wati 75 tu, waya wa ziada mara nyingi hakuna, na kadi ndefu haiingii. GTX 1050 Ti fupi inatosha, ila mjue NVIDIA walisitisha draiva mpya za gemu kwa familia hiyo Oktoba 2025, imebaki usalama tu mpaka Oktoba 2028. RX 6400 pia inaingia, lakini inatumia njia nne tu za data, na kwa bodi ya zamani inapoteza kasi.

Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera una faiba ndani yake. Siku itafika hapa, kupakua GB 100 haitakuwa hadithi tena. Tutapakua haraka kitu kisichofunguka.

Kwa hivyo kabla pesa itoke, mwambie muuzaji atume picha mbili: jina kamili la prosesa, na ule ukurasa wa Display wa dxdiag, si wa kwanza. Nitumie mimi pia kama huelewi. Nitumie kabla ya kununua, tafadhali, si baada. Stima ikiwepo nitajibu siku hiyo hiyo.